Mkono wa Tonton Amisi

Yaya Bienvenu, kaka yangu mkubwa,

Nimerudi shule. Najua ungecheka kwanza, halafu ungeuliza kama nimekula, kwa hiyo nakujibu mapema: nimekula, na nimerudi shule. Ni fizikia ile ile uliyoniandikisha wewe. Niko mwaka wa kwanza, pale pale nilipoachia. Siku hizi hawasemi tena G1, wanasema L1, lakini mabenchi ni yale yale na mchwa wao.

Wenzangu wananiita Maman. Wengi wao walikuwa bado wananyonya ulipokuwa unapanga mstari kwa ajili yangu. Siku ya kwanza walidhani mimi ni mama wa mtu, nimeleta chakula. Nilipokaa benchi ya mbele na kutoa kalamu, kijana mmoja anayeitwa Plamedi akaniuliza kwa heshima kabisa, "Maman, unatafuta nani?" Nikamwambia, "Natafuta professeur. Wewe pia ungemutafuta, kama ungeacha kuangalia wasichana." Ukumbi wote ulicheka. Tangu siku hiyo ananiwekea nafasi.

Nasuka nywele, yaya. Ndiyo kazi niliyofanya miaka yote hii. Nina mwavuli mkubwa na viti vyangu kule Makiso, karibu na soko, asubuhi nasuka, mchana nakwenda masomoni vidole vikinuka mafuta ya nywele. Ulipokufa nilijaribu kuendelea na masomo, nikaenda majuma machache, kisha sikuenda tena. Hakuna aliyeniuliza. Papa alikuwa ametangulia zamani, basi tulibaki Mama na mimi na mvua.

Acha nikuambie habari ya mvua. Unajua mvua inavyojua kunyesha hapa Kisangani. Wingu likianza kujikusanya juu ya mto, Mama anafunika kioo kwa kitenge, anazima simu zote, anachukua kila kitu chekundu na kukisukuma chini ya kitanda. Halafu tunakaa katikati ya chumba, hatusemi. Na wewe unakuja. Sisemi hivi kupamba barua. Nasikia ndala zako kwenye saruji huko nje, polepole, ule mwendo wako wa mtu asiye na haraka na dunia. Mama naye anasikia, maana anageukia mlango wakati ule ule ninapogeuka mimi. Hatujawahi kulizungumza. Radi ikipiga, miguu inasimama. Mvua ikikatika, Mama anafunua kioo na kusema, "Bon, tupike."

Walinipeleka kwa pasta, nikapakwa mafuta, nikafunga kula. Ndala hazikukoma. Mwisho nikasema, basi, nitakwenda kukitazama kitu chenyewe, hiyo radi. Kinatoka wapi, kinashuka kwa nini, kikishafanya kazi yake kinakwenda wapi. Watu wakiniuliza mwanamke wa umri wangu anatafuta nini kwa watoto wale, najibu kwamba nataka kufundisha. Si uongo mkubwa. Lakini wewe nakuambia ilivyo: nilirudi ili nimjue aliyekuua.

Mtaani wanaamini wanamjua tangu siku ile. Kwao ni Tonton Amisi, mjomba wetu.

Wewe hukuona mwisho wa siku hiyo, kwa hiyo nitakusimulia.

Tulikuwa kwenye shamba la muhogo la Mama, tunachuma majani yake ya pondu, kando ya uwanja wa zamani wa ndege, Simi-Simi. Mama, Tonton mdogo wake, wewe na mimi. Mbingu ikawa nyeusi ghafla, tukakimbilia baraza ya kanisa dogo lile. Wewe hukukimbia. Uliweka mzigo wa pondu kichwani, ukashika kiuno, ukaja ukitembea kama bibi harusi ili kutuchokoza. Mama alikuwa anakukaripia na kucheka kwa pamoja: "Bienvenu, kimbia, wee mutoto ya bure!" Hayo ndiyo maneno ya mwisho uliyosikia kutoka kwake, na alikuwa anacheka, yaya. Nataka ulijue hilo. Mvua ilikuwa haijaanza hata.

Kisha weupe. Sauti siikumbuki. Nakumbuka harufu, na majani ya pondu yametawanyika, na wewe umelala katikati yake.

Tulikimbia sote, Mama mbele. Alipokukaribia akasimama, akatanua mikono na kutuzuia. "Musimuguse! Radi iko bado mu mwili yake, itabeba mutu mwingine!" Alinikamata mkono, alama za vidole vyake zilibaki hadi tunakuzika. Usimlaumu. Ndivyo tulivyofundishwa sote, na wewe ndiye uliyenifundisha mimi. Unakumbuka mbuzi wa jirani aliyepigwa chini ya mchikichi? Nilitaka kumshika masikio, ukanivuta nyuma kwa gauni. "Faida, acha, iko ndani yake bado." Ulikuwa na uhakika kabisa, nami sikuwahi kutilia shaka neno lako lolote.

Basi tulikuzunguka. Watu wengine walikuja kutoka nyumba za karibu, nao wakasimama. Mmoja akatumwa kumwita yule mzee anayetoa radi mwilini kwa mawese na udongo. Mvua ikaanza. Ilikuangukia usoni, macho wazi, na sisi tumesimama.

Mmoja tu alipita. Tonton Amisi aliutupa mkono wa Mama, akapiga magoti, akaingiza mkono ndani ya shati lako na kuuweka kifuani. Akaweka sikio lake mdomoni mwako. Akakuita kama anavyobembelezwa mtoto, "Bienvenu. Bienvenu, papa." Wanaume wawili wakamvuta kwa shati, akang'ang'ania, wakamvuta tena mpaka shati likapasuka. Akasimama pale kwenye mvua akiwa mzima, hana hata jeraha.

Hapo ndipo lilipozaliwa lile jambo. Mimi niliona, yaya, niliona machoni mwao kabla hajasema mtu. Alimgusa aliyepigwa na radi, mbona haikumbeba? Kwetu wanasema radi humwacha tu mwenye kuituma. Kwenye matanga lilikuwa limeshazunguka mtaa mzima. Mama alikataa mara ya kwanza, akakataa ya pili. Kisha wakamwuliza mbele ya watu wote, naye kichwa kimevimba kwa kulia, akasema, "Kama si yake, juu ya nini haikumubeba?" Ilitosha. Vijana wakaja na mawe. Tonton alipanda lori la kwenda Bafwasende na shati lile lile lililopasuka, na Mama hakutaja tena jina la mdogo wake, hata katika sala.

Sasa rudi nami darasani.

Mwalimu wetu wa mazoezi ni assistant mmoja kijana, mwembamba, anayechafuka chaki mpaka kwenye nyusi. Ukumbi una paa la bati. Mvua ikinyesha hatusikii kitu, anaweka chaki chini, sote tunakaa tunatazama juu kama kuku. Kisha wenzangu wanachezea simu. Mimi natazama mlango.

Lakini siku ninayokuambia jua lilikuwa linawaka. Assistant alitoa kabatini kifaa cha zamani, chupa ya kioo yenye kijiti cha chuma kilichotokeza juu, na ndani yake vijani viwili vya metali, vyembamba kama maganda ya vitunguu. Alisugua fimbo ya plastiki kwenye mkono wa koti lake, akaigusisha kwenye chuma, vijani vikatanuka vyenyewe, kila kimoja kinamkimbia mwenzake. Nikasahau umri wangu. Kisha akagusa chuma kwa kidole chake, na vijani vikaanguka pale pale, umeme wake umetoka. "Courant imeenda wapi?" Tukaitika wote, "Mu udongo!" Nilifurahi, yaya. Nilifurahi kama siku ile uliponionyesha jinsi ya kuwasha taa ya tochi kwa waya na betri iliyochoka.

Ndipo Plamedi akainua mkono, anatafuta kuchekesha watu. "Assistant, na mutu mwenye radi imemupiga? Inabakia ndani yake mingapi?"

Assistant hakucheka sana. "Haibakie hata kidogo te. Inapita, inaenda mu udongo, kwisha. Unaweza kumugusa palepale. Tena inafaa kumugusa mbio, juu mara mingi ni moyo tu ndiyo inasimama, ao pumuzi. Ukimufinya kifua, ukimupulizia, anaweza kurudi. Batu banakufa juu benzao banaogopa kubagusa. Bon. Tuendelee."

Akageukia ubao na kuandika kanuni. Wote wakaandika. Mimi pia niliandika, mkono uliandika wenyewe mpaka mwisho. Kisha nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi.

Maana tulisimama, yaya. Tulisimama tu.

Pengine ulikuwa umekwisha. Pengine la. Pengine ulikuwa unatusikia, unasikia Mama anavyokataza, unangoja mtu mmoja apite. Na aliyepita tukamvuta kwa shati, na kwa sababu alipita tukamwita mchawi.

Kwa siku nyingi nilisuka nywele za watu vibaya. Mambo haya mawili yalikuwa yamefungana, sikuweza kushika moja bila kuvuta la pili. Nikinyamaza, Tonton atakufa Bafwasende akiwa na jina la mwenye radi. Nikisema, namvua yeye mzigo na kumvika Mama. Ningemwambiaje mama aliyezaa, kwamba mikono aliyoitanua kutuokoa sisi ndiyo iliyomfungia mwanawe njia? Mvua iliponyesha nilikungoja unipe hata dalili. Ulitembea, ukasimama, ukaondoka. Nilikukasirikia sana. Ulipokuwa hai ulikuwa na jibu la kila kitu, hata mambo usiyoyajua.

Mwishowe nilimwambia nusu. Nilichagua mchana, Mama anatwanga pondu uani, ili awe na kitu mkononi. Nikasema, "Mama, Tonton hakukuwa na radi. Tumeisoma. Haibakiake mu mwili ya mutu. Mutu yeyote angemugusa Bienvenu, haingemufanya kitu." Nilidhani nimepita kwa ujanja. Mchi ulisimama hewani.

"Yeyote," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Donc, ata mie."

Maana yake, hata yeye mwenyewe. Kisha akauliza lile nililokuwa nimelificha nyuma ya mgongo. "Na kama ningemugusa?"

Nikamwambia sijui. Ni kweli kwamba sijui. Hata assistant hajui, hata vitabu vyake. Mama akaendelea kutwanga. Alitwanga mpaka pondu ikawa maji, sikuthubutu kumpokea mchi. Jioni alikula kama kawaida, akalala kama kawaida, na mimi nikaogopa utulivu ule kuliko kilio.

Juma lililofuata, baada ya misa, alifunga mkoba wake na kusema, "Unitafutie mutu wa pikipiki. Naenda kwa Amisi."

Barabara ya Bafwasende unaijua, haijabadilika, labda mashimo yamezaa. Tulikwenda Mama akiwa katikati, kati ya dereva na mimi, amebanwa kama kifurushi, anamkemea dereva kwa kila dimbwi. Malori yalikuwa yamekwama matopeni, watu wanapika kando yake kama wamehamia. Njia nzima hakumtaja Tonton. Tulipofika nyumba za kwanza za mji akamwambia dereva asimame, akafunga upya kitambaa cha kichwa, akajifuta matope usoni kwa mate.

Tonton ana mvi kichwa kizima. Analima mpunga nyuma ya mji, ana kibanda kisafi, na watoto wa majirani wanamwita Papa Amisi na kumwibia karanga mbele ya macho yake. Alikuwa amekaa nje anatoa matope kwenye jembe. Alituona tukitembea kuelekea kwake, akasimama, akaliweka jembe chini taratibu sana, nadhani alifikiri tumekuja kumwongezea mawe.

Mama hakumsalimu. Hakuomba radhi, hakulia. Alisimama mbele yake na kuuliza, "Amisi. Wewe ulimugusa. Moyo yake ilikuwa inapiga?"

Nilitaka ardhi inimeze. Tonton alimtazama dada yake. Alimtazama muda wa mtu kumeza kitu kikavu. Akasema, "Hapana, dada. Alikuwa ameisha kwenda. Nilifika, mutoto alikuwa ameisha kwenda."

Mama akauliza tena, "Kweli?"

"Kweli, dada."

Hapo ndipo alipokaa chini, matopeni vile vile na kitenge chake cha misa. Akauvuta mkono wa kulia wa Tonton, ule ulioingia ndani ya shati lako, akauweka kwenye shavu lake na kuubana pale kwa mikono yake yote miwili. Kilio kilichomtoka sikukisikia hata kwenye matanga yako. Tonton alikuwa ameinama hivyo hivyo, mgongo umepinda, hakuuvuta mkono mpaka Mama mwenyewe alipouachia.

Tulikaa naye siku kadhaa. Mama alimpikia, akamfulia, akamgombeza kwa habari ya paa linalovuja, wakarudi kuwa watu wa tumbo moja. Kuja Kisangani amekataa, anasema mpunga haumruhusu. Sisi tunajua si mpunga.

Asubuhi ya kuondoka alikuwa anatufungia mizigo kwenye pikipiki kwa mpira. Mama alikuwa anaaga majirani. Nilimsogelea. Unanijua nilivyo, darasani nauliza mpaka watoto wananuna, na swali lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Hakuinua kichwa. Aliukaza mpira, akasema kwa sauti ya chini, "Faida. Mama yako aliniuliza, nilimujibu. Wewe usiniulize."

Sikumwuliza.

Lakini tangu hapo nafikiri. Kama kulikuwa na kitu chini ya kiganja chake, hata kidogo, hata kwa pumzi moja, basi alikuwa na neno la kujiokoa. Siku ya mawe angepiga kelele, "Alikuwa muzima, ninyi ndio mulinivuta!" Neno hilo lingewanyamazisha wote. Lingemmaliza Mama pia. Akachagua kuitwa mchawi, akapanda lori. Miaka yote hii amelima mpunga wake huku amelikalia neno hilo, na dada yake alipokuja kulidai mwenyewe, akamnyima. Au labda hakuna neno lolote, labda kweli ulikuwa umekwenda, na mimi ndiye ninayesumbuliwa na kichwa changu. Sijui. Nalala na kutojua huko, naamka nako, nakwenda nako darasani.

Nyumbani mambo yamebadilika kidogo. Mama bado anafunika kioo, hilo nimeshindwa nalo. Ila siku moja, kwenye mkutano wa akina mama wa parokia, alisimama bila kuitwa na kuwaambia, "Mutu akipigwa na radi, mumuguse. Palepale. Mumufinye kifua." Akakaa. Hakueleza kwa nini. Sasa wako wanaonong'ona kwamba hata yeye ameinunua radi, ndiyo maana haogopi. Nilimwambia wanavyosema. Alikuwa anachambua mchele. "Baseme," akajibu.

Nilianza barua hii nikiwa na swali kwa ajili yako. Unalijua. Wewe tu na Tonton ndio mliokuwa pale, wengine sote tulikuwa tumesimama pembeni. Nimefika mwisho wa karatasi na nimeona nisikuulize. Kama yeye ameweza kulibeba bila kulisema, mimi naweza kulibeba bila kulisikia.

Wiki ijayo tuna mtihani wa umeme. Nitafaulu, kwa hilo usiwe na wasiwasi, na mwaka huu nitaumaliza, na unaofuata. Ahadi yenyewe ni nyingine. Mtu akianguka kwa radi mbele yangu, mtoto au mzee, jirani au adui, mkono wangu utakuwa kifuani pake kabla watu hawajamaliza kupiga kelele. Wakinivuta kwa gauni, lipasuke. Na nikisikia moyo unapiga, yaya, sitanyamaza kwa ajili ya mtu yeyote.

Pumzika sasa. Nakupenda, na ninakuogopa kidogo, na bado nakupenda.

Mdogo wako,
Faida